Kigoda cha Bi Koleo

Tarehe 30 Juni

Kwa Bi Koleo wetu,

Leo saa kumi jioni Bi Koleo atavua koti lake la kijani, atalitundika kwenye msumari wa tatu nyuma ya mlango wa chumba cha chakula, na hatalivaa tena. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi miwili katika kituo chetu cha kutunza nyoka wa kufugwa. Mimi ni karani wa daftari la chakula, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuhesabu: amelisha nyoka mara elfu thelathini na nane na ushee. Ameumwa na nyoka mara mbili. Ameumwa na panya mara kumi na tisa. Hesabu hii ya mwisho anapenda wageni waijue, maana kila mgeni huuliza ya nyoka na hakuna anayeuliza ya panya.

Meneja alinipa ukurasa huu wa jarida wiki tatu zilizopita, akaniambia niandike kama ilivyo desturi yetu: alianza lini, alifanya nini, tunamtakia nini. Nimeushikilia hadi asubuhi ya leo, na mchapaji amenipigia simu mara nne. Namwomba radhi. Ukweli ni kwamba hadi jana hatukujua kama Bi Koleo anastaafu. Kiuno chake kimechoka, chumba chake nyumbani kwa dada yake kimeshapakwa rangi, na barua yake ilishapigwa mhuri, imebaki sahihi yake tu. Lakini alikuwa ameweka sharti moja. Alisema haondoki mpaka Mkufu ale kwa mkono wa mlishaji mwingine, na Mkufu alikuwa hataki.

Mkufu nitamfikia. Nianzie mwanzo.

Bi Koleo alikuja hapa akiwa na miaka ishirini na tisa, na alikuja kufagia. Anasema alikubali kazi kwa sababu tangazo liliandikwa "mfagiaji" na halikutaja nyoka hata mara moja. Alikuwa anawaogopa kupita kiasi. Wiki ya kwanza alifagia ukumbi kwa kurudi kinyumenyume ili, kwa maelezo yake mwenyewe, kama kuna kitu kinamfuata akione mapema. Mkurugenzi wa wakati ule alidhani ndiyo namna ya kufagia aliyofundishwa kwao, akamsifu mbele ya wenzake kwa bidii.

Siku hizo nyoka walipewa panya hai. Mlishaji alifungua kifuniko, akamtupa panya ndani, akafunga, akaenda kunywa chai. Asubuhi moja ya mwezi wake wa pili kazini Bi Koleo alikuwa anapita na ufagio karibu na sanduku namba tisa, akaona panya amekaa mgongoni kwa nyoka, anamla. Anamla taratibu, kama mtu anayemenya chungwa. Taa ya joto ilikuwa imekufa tangu jana yake, nyoka amepoa, hana nguvu hata ya kujikunja. Bi Koleo alikimbilia jikoni, akachukua koleo la kupangia mkaa, akafungua sanduku la nyoka kwa mara ya kwanza maishani mwake na kumtoa panya kwa mkia. Panya aligeuka akamng'ata kidole gumba. Hiyo ndiyo ya kwanza kati ya zile kumi na tisa.

Aliingia ofisi ya mkurugenzi bila kubisha hodi, kidole amekifunga kwa pindo la aproni, panya bado ananing'inia kwenye koleo.

"Huyu alikuwa anakula nyoka wako," alisema. "Nimwandike wapi?"

Jina la Koleo alilipata siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha mchana. Kazi ya kulisha aliipata mwezi uliofuata. Panya hai walikoma mwaka wa tatu, baada ya yeye kumchosha mkurugenzi kwa swali moja kila Jumatatu: "Nyoka amefungiwa, panya amefungiwa, na panya anataka kurudi kwao. Wewe ungekuwa panya ungefanya nini?" Tangu hapo kituo chetu hulisha panya waliokwisha kufa na kugandishwa, na vituo vingine viwili vilikuja kuangalia tunavyofanya, navyo vikaiga.

Namna yake ya kulisha inajulikana na kila aliyepita hapa. Panya hutolewa kwenye friza tangu jana yake, huyeyuka taratibu kwenye friji, kisha huwekwa ndani ya mfuko na kulowekwa kwenye maji ya moto kiasi mpaka apate joto la mwili. Bi Koleo hupima maji hayo kwa kiwiko, kama mama anayemwogesha mtoto, ingawa tumemnunulia vipimajoto vitatu. Panya lazima awe mkavu, ashikwe kwa koleo, na unene wake usizidi unene wa nyoka pale katikati. Nyoka mwenye macho ya ukungu, anayejiandaa kuvua ngozi, haguswi wala habembelezwi ale. Nyoka akishakula, hakuna kumshika siku mbili, hata kama mwenyewe amekuja kumwamkia na zawadi. Na kabla ya yote hayo, mikono. Huwanusa watu mikono bila aibu. Meneja wetu wa sasa alinuswa siku aliyoripoti kazini, amevaa suti.

Kuna mteja mmoja, mwenye duka la viatu, aliyekuja hapa analia kwamba nyoka wake wa miaka sita amemgeuka na kumng'ata. Bi Koleo alimshika mkono, akaunusa.

"Umeshika nini leo?"

"Sungura wa mwanangu."

"Basi hakukung'ata, baba. Amekosea sahani."

Akamwosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika tano nzima, akimsimulia habari nyingine kabisa, kisha akamtuma zahanati akaulize sindano ya pepopunda. Yule bwana hadi leo akija hunyoosha mikono mlangoni kabla hajaombwa.

Lipo pia suala la birika. Katika chumba cha chakula kuna mabirika mawili ya umeme. Lenye utepe mwekundu ni la maji ya kulowekea panya. Mwaka fulani alikuja mkaguzi, mtu mkubwa, akajitengenezea chai kwa lile la utepe mwekundu kabla hatujamzuia. Bi Koleo alimsogelea na kumwambia kwa upole, "Mheshimiwa, kunywa tu. Maji hayo hayajawahi kumgusa panya, huwa yanamsubiri." Mkaguzi alimaliza kikombe. Ripoti yake ilikuwa nzuri.

Mwaka wa kumi na mbili Bi Koleo aliteleza kwenye sakafu yenye maji akaumia kiuno. Daktari alimkataza kusimama muda mrefu. Fundi wa vizimba alimtengenezea kigoda kutokana na mlango wa kizimba kilichovunjika. Kina miguu minne mifupi, na mguu mmoja umepigiliwa kipande cha kandambili kwa chini, kwa kuwa sakafu ina bonde mahali hapo. Tangu siku hiyo amelisha safu yote ya chini akiwa amekaa.

Hakuna aliyeandika sheria juu ya kigoda hicho, lakini miaka kumi na tisa sasa hakuna mwingine aliyekikalia. Wafagiaji hukiinua kwa mikono miwili, hufagia chini yake, hukirudisha palepale. Mgeni akitaka kukikalia, mtu humvutia kiti kingine haraka na kumwambia, "Samahani, hapo pana mwenyewe." Wafanyakazi wapya huonyeshwa choo, stoo, na kigoda, kwa mpangilio huo. Ilikuwa heshima yetu kwake, na yeye hakuwahi kuiona, kwa sababu kila akiingia kigoda kipo na kiko wazi.

Sasa Mkufu.

Marehemu mke wangu alikuwa mshonaji. Aliniletea chakula hapa mchana mmoja akamkuta chatu mdogo aliyeachwa na mtu aliyehama mji, wa ile aina fupi na nene, wasio na sumu, ambao wakiogopa hujikunja wakawa donge. Alimshika, chatu akajizungusha shingoni mwake akatulia. Akampa jina Mkufu na jioni hiyo tukarudi nyumbani watatu. Sanduku lake lilikaa kando ya cherehani. Mke wangu na Bi Koleo wakawa marafiki wa kupigiana simu kila Ijumaa kuulizana Mkufu amekula nini, na ndiyo maana mpaka leo Bi Koleo huniita shemeji, ilhali wengine wengi huwaita kwa vyeo vyao.

Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, mwezi wa tisa. Baada ya msiba Mkufu aliacha kula. Sasa najua kwamba chatu wa aina hiyo anaweza kususa wiki nyingi kwa sababu zake mwenyewe. Wakati ule niliona kwamba anajua. Sikutaka kumwuliza mtu. Nilijiambia labda amechoka na panya wa friza, labda anataka kitu kilicho hai, nikaenda kununua panya mzima sokoni. Tangazo lililobandikwa ukumbini kwetu, lile linalosema USIMWACHE PANYA HAI NA NYOKA, nimelipiga chapa mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Alasiri hiyo nilimweka panya ndani ya sanduku nikasema nitasubiri. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani kukunja nguo ambazo zilikuwa hazijakunjwa tangu msiba. Gauni la tatu nalikumbuka, lilikuwa la maua madogo, bado halijatiwa vifungo. Usingizi ukanipitia. Nilipoamka, Mkufu alikuwa donge pembeni mwa sanduku, ana vidonda vinne mgongoni na cha tano karibu na mkia, na panya anajisafisha masharubu.

Nilimtia Mkufu kwenye foronya nikaja naye hapa kwa miguu. Ilikuwa Jumapili na zamu ilikuwa ya Bi Koleo. Alifungua foronya, akatazama, akasema, "Mlaze hapo, shemeji." Akaenda kunawa mikono. Akiwa bado ameinamia sinki, hajageuka, akaniuliza, "Wewe umekula?"

Nilikuwa sijala tangu jana yake. Aliniwekea mkate na chai, ya birika lisilo na utepe, na mimi nikala huku namwangalia anavyofanya kazi.

Nitaeleza alichofanya, kwa kuwa wengi wanaosoma jarida hili wana nyoka nyumbani, na kumsifu bila kueleza ni kumpunja. Aliosha vidonda kwa maji safi ya chumvi, akiyasukuma kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mpaka manyoya na uchafu vikatoka. Akachanganya iodini na maji mengi hadi yakawa na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa, akagusagusa kila kidonda kwa kitambaa cha shashi, akaacha kikauke. Mafuta ya kupaka hakuyatumia. Alisema baadhi ya mafuta ya watu yana dawa ya ganzi ndani yake, na nyoka haimfai. Akatoa maranda yote sandukuni na kutandika karatasi nyeupe, maana maranda hunata kwenye kidonda, na karatasi huonyesha damu na usaha mapema. Akapima joto la sanduku upande wa moto na upande wa baridi, kwa sababu nyoka aliyepoa hachelewi kuoza kidonda. Alipomaliza vidonda vinne, akasimama kwenye kile cha tano, kilichokuwa kirefu kwenda ndani, akanyanyua simu.

"Mkwaruzo ni wangu," aliniambia. "Shimo ni la daktari."

Daktari wa wanyama alikuja jioni hiyo, akashona nyuzi tatu na kuacha sindano za siku kumi. Bi Koleo hakunikaripia siku ile, wala siku nyingine yoyote. Daftari ni langu, lakini siku hiyo aliandika yeye, na hadi leo mstari huo upo kwa mwandiko wake wa kulala upande: "Mkufu. Kuumwa na panya, vidonda vitano. Mwenyewe alikuwa amechoka."

Mkufu alipona. Alivua ngozi mara mbili, na mara ya pili makovu yalikuwa yamebaki kama nukta nne na mstari. Lakini alikuwa amejifunza kuogopa chakula. Akimwona panya, hata aliyekufa, hata mdogo, alificha kichwa. Bi Koleo alikaa mbele ya sanduku lake, safu ya chini, kila siku ya kumi, koleo mkononi, bila kusema, bila kumtikisa panya kama watu wanavyopenda kufanya. Wiki ya kumi na moja Mkufu alitoa kichwa akachukua. Nilikuwa mezani kwangu. Bi Koleo alipita mlangoni akainua kidole kimoja tu, akaendelea na safari yake.

Sikumrudisha nyumbani. Kwa watu nilisema bado yuko kwenye matibabu. Ukweli ni kwamba sikujiamini tena na koleo, na Bi Koleo alijua asiniulize. Mkufu alikula kwa mkono wake miaka yote hii, na kwa mkono wake peke yake. Bi Koleo akienda likizo, Mkufu naye huenda likizo. Tulikuwa tunacheka hapo zamani.

Mwaka huu hatukucheka. Mkufu ana miaka kumi na tisa. Mrithi wa Bi Koleo alikuja mwezi wa tatu, dada mwenye mikono mitulivu na shule nzuri, na mrefu kiasi cha kuinama kila mlango wa jengo hili. Tunamwita Twiga na ameridhika. Nyoka wote walimkubali ndani ya mwezi mmoja, isipokuwa yule mmoja. Tarehe tatu Aprili Bi Koleo alimlisha Mkufu, akamkabidhi Twiga koleo, akasema kuanzia hapo yeye hatamlisha tena, ili njaa isaidie.

Njaa haikusaidia. Twiga alijaribu mara tano. Alivaa koti la kijani la Bi Koleo, likamfika juu ya kiuno. Alitumia sabuni yake na koleo lake, saa nne kamili asubuhi, saa yake. Alijifunza hata kile kiwimbo Bi Koleo anachokiguna wakati wa kukausha panya. Kila mara, kabla hajaanza, alikiinua kigoda kwa mikono miwili, akakiweka ukutani kwa adabu, akasimama mbele ya sanduku na kuteremsha koleo. Kila mara Mkufu alijikunja akawa donge. Mwezi wa nne alikuwa na uzito wa kilo moja na gramu mia sita na kumi. Katikati ya mwezi huu alikuwa kilo moja na gramu mia nne hamsini na tano. Daktari alituambia akishuka chini ya kilo moja na gramu mia nne italazimu kumlisha kwa mpira hadi tumboni, na kwa umri wake hakupenda kutuahidi lolote.

Kila jioni dada yake Bi Koleo alimpigia simu, na sisi sote tulisikia kwa kuwa Bi Koleo huongea na simu kama anaita mtu ng'ambo ya barabara.

"Unakuja lini? Pazia nimeshatundika."

"Namsubiri mtu ale."

"Mtu gani huyo asiyekula miezi miwili?"

"Ana mambo yake."

"Mpe uji."

Meneja alimwambia kwa upole kwamba mtu hawezi kuahirisha kustaafu kwa ajili ya chatu mmoja. Bi Koleo alimjibu kwamba yeye haahirishi, anasubiri tu, na akaomba fomu ya kuongeza mwaka mmoja. Nikiwa karani, fomu hiyo niliitoa mimi kabatini. Nilimwona anavyoshuka ngazi siku hiyo, ngazi moja moja, mkono ukutani. Nilijua mwaka huo mmoja unamgharimu nini, na nilijua nyoka huyo ni wa nani.

Tarehe kumi na tisa mwezi huu Twiga aliitwa kupokea mzigo wa maranda saa nne kasoro. Panya alishakuwa tayari kwenye maji. Bi Koleo alikuja mezani kwangu.

"Jaribu wewe, shemeji."

"Mimi?"

"Ni wenu."

Nilikuwa sijashika koleo miaka minne. Nilinawa, nikamkausha panya, nikakiweka kigoda ukutani kama wote tulivyozoea, nikasimama mbele ya sanduku. Mkufu alikuwa ameshaanza kujikunja. Bi Koleo alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fremu kwa ajili ya kiuno.

"Kaa basi," alisema. "Mtu mzima unatetemeka kama unangoja kudungwa sindano."

"Nikae wapi?"

"Kwenye kigoda. Kwani kina miiba?"

"Ni chako."

"Ni cha kukalia."

Nikakivuta nikakaa. Ni kifupi kuliko nilivyodhani. Kutoka pale niliona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa miaka yote niliyopita mbele ya sanduku lile: uso wa Mkufu, usawa wa uso wangu, ndani ya kijumba chake cha maficho. Ukisimama unaona paa la kijumba tu. Nikainua koleo, na kwa kuwa nilikuwa chini, panya hakushuka kutoka juu bali aliingia kwa ubavuni, polepole, karibu na sakafu. Nikatulia. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu na nilihesabu dakika kumi na moja. Kisha kichwa kikatoka, ulimi ukatoka, na uzito wa panya ukaondoka kwenye koleo.

Sikugeuka mpaka mkia wa panya ulipopotea. Nilipogeuka, Bi Koleo alikuwa hamtazami nyoka. Alikuwa anakitazama kigoda.

"Yule Twiga," alisema taratibu, "huwa anakaa wapi?"

"Hakai. Hakuna anayekaa hapo."

"Mara zote tano alisimama?"

"Tulikuwa tunakuheshimu."

Alicheka mpaka akashika ukuta kwa mikono yote miwili. Alipopata pumzi alinieleza, ingawa nilishaelewa. Chatu huhisi joto la mwili hata gizani. Mtu aliyesimama mbele yake ni mnara wa moto, na Twiga ni mnara mrefu kuliko yote nchini, halafu chakula kinashuka kutoka juu kama mwewe. Nyoka ambaye hajawahi kuumizwa husamehe. Mkufu hakuweza. Yeye Bi Koleo hakuwahi kulifikiria, kwa sababu hakuwahi kumlisha akiwa wima hata siku moja; kiuno hakikumruhusu. Na kila alipokuja kutazama wengine wakijaribu, alitazama nyoka na koleo, hakutazama ukutani.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, kama mna nyoka mwoga nyumbani, kaeni chini. Haya ni mafunzo ya mwisho ya Bi Koleo hapa kazini, na aliyapata pamoja nasi.

Lakini mimi si mlishaji, na sharti lilikuwa bado halijatimia mpaka ale kwa mkono wa mrithi. Tulisubiri siku kumi. Jana saa nne asubuhi Twiga alikaa kwenye kigoda. Magoti yake yalifika karibu na masikio, na koti la kijani lilipanda mpaka mbavuni. Tulikuwa wanne mlangoni, hakuna aliyecheka. Mkufu alichukua baada ya dakika nne. Bi Koleo alitazama mpaka mwisho, akaja mezani kwangu, akaniomba kalamu, akatia sahihi barua yake ya kustaafu. Ile fomu ya mwaka mmoja aliikunja mara nne akanipa. Nimeiweka chini ya mguu mmoja wa meza yangu, uliokuwa ukicheza siku nyingi.

Asubuhi ya leo meneja alimuuliza kama angependa kuondoka na kigoda kama kumbukumbu. Alikataa. Alisema kwa dada yake kuna viti vyenye mgongo, na kwamba kigoda kibaki hapa ila kisiwekwe ukutani tena.

Bi Koleo, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya wenye nyoka wote uliowanusa mikono, asante. Asante kwa kidole gumba cha siku ya kwanza na kwa Jumatatu zote ulizomchosha mkurugenzi. Mimi nakushukuru kwa mkate na chai, na kwa mstari mmoja wa daftari ambao sijawahi kuufuta wala kuusahihisha. Yule wa cherehani angekushukuru vizuri zaidi, lakini leo nipo mimi. Mkufu nitamrudisha nyumbani mwezi ujao. Kigoda cha kwangu fundi ameshaanza kukitengeneza.

Tunakuombea nyumba isiyo na ngazi, dada asiyekulazimisha uji, na asubuhi ndefu ambazo saa nne hupita bila kukuhitaji. Na siku ukiwa huko umekaa, ukasikia birika linaanza kuchemka, utukumbuke.